Mipira ya Kabureta na Mteremko wa Manga

Nehemiah Ombati alikuwa na majina mawili. Nyumbani kwake, juu kabisa ya mlima wa Manga, mkewe Kemuma alimwita Baba Bonareri. Nje ya boma watu walimwita Daktari. Hakuwahi kutibu mtu hata mafua. Kazi yake ilikuwa ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi. Ng'ombe akitaka dume, Nehemiah alifika na pikipiki, na nyuma amefunga chupa yake ya baridi. Ndani ya chupa kulikuwa na mbegu za fahali bora. Fahali mwenyewe hakuwahi kufika Manga, lakini watoto wake walijaa bondeni kote.

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi Nehemiah aliteremka mlima. Watu walileta ng'ombe barabarani, wakamngoja. Hakutakiwa kuchelewa. Ng'ombe hangoji kama mchumba. Hamu yake ikipita, mnakaa wiki tatu tena.

Mwaka huo wa 1976, pikipiki ya Nehemiah ilikuwa na miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi bado ni mtoto. Lakini mpira wa miaka kumi ni mzee, na pikipiki hii ilikuwa na mipira ambayo Nehemiah hajawahi kuitazama.

Mvua za Aprili zilipoanza, injini nayo ilianza kupiga kelele. Nehemiah aliachia kishikio cha mafuta, lakini injini haikuachia. Iliendelea kunguruma, mtu akiwa ametulia juu yake.

"Baba Bonareri," Kemuma alisema, "hiyo kitu inalia hata kama hujaigusa."

"Ina furaha."

"Furaha gani ya kukimbilia bondeni? Muulize Joash."

Joash Mogire alikuwa jirani yao. Alitengeneza pikipiki kule mjini Suneka, na kila Ijumaa alirudi nyumbani kwa ajili ya Sabato.

"Joash nimemwona akiwa hana meno," alijibu Nehemiah. "Mimi naingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, ninajua kila kitu kilipo. Pikipiki itanishinda?"

Alichukua kisu cha jikoni, akageuza skrubu ya kabureta. Injini ikanyamaza kidogo. Kesho yake ikapiga kelele zaidi. Akainama akatazama. Kati ya kabureta moja na injini aliona kipande kifupi cha mpira mweusi, kama shingo. Kilikuwa kimepasukapasuka.

Kemuma naye akainama. Alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Kumbe ni hivi tu! Hii ni kama chuchu za ng'ombe wetu wakati wa kiangazi. Ngoja."

Akaleta kopo la mafuta ya kukamulia. Akapaka mpira ule vizuri, mbele na nyuma, kwa upole kabisa. Ilibaki tu kuifunga pikipiki miguu isipige teke. Mpira ukang'aa. Nyufa zikapotea machoni. Mume na mke wakaangaliana kama watu waliomaliza kujenga kanisa.

Basi Ijumaa Nehemiah akateremka. Kona ya kwanza alipita salama. Kabla ya kona ya pili aliachia kishikio ili apunguze mwendo. Injini ikapiga kelele, ikamsukuma mbele! Akakanyaga breki. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye matope. Akazima kwa ufunguo, akaanguka pamoja na pikipiki, wakaburuzana mpaka ukingoni.

Akatulia. Jiwe dogo likatoka chini ya gurudumu la mbele, likaanguka. Nehemiah akalisikiliza likigonga miamba. Alilisikiliza muda mrefu sana.

Hakuthubutu kuiwasha tena. Aliisukuma hadi chini, akachelewa saa nzima. Mkulima mmoja, Momanyi, alikuwa anamngoja na ng'ombe wake.

"Daktari," alisema Momanyi, "huyu amengoja mpaka amesahau alikuwa anangoja nini."

Jioni Nehemiah alifika nyumbani akiisukuma. Koti lake lilikuwa na matope upande mmoja tu, toka bega hadi pindo.

"Ulilala njiani?" Kemuma aliuliza.

Nehemiah akavua koti. Alikaa chini, akaomba maji. Akanywa kikombe chote. Ndipo akamweleza kila kitu, hata lile jiwe.

Kemuma alishika kichwa. "Nyasae, Mungu wetu! Na Jumatatu?"

"Jumatatu ng'ombe watakuja. Lazima nishuke."

Sabato ilikuwa ndefu. Kanisani mhubiri alisema juu ya njia nyembamba. Kemuma aliona njia moja tu, ya Manga, na kona yake ya pili. Ibada ilipokwisha alimkimbilia Joash mlangoni, kabla hata Joash hajamsalimia mama yake.

"Shemeji, majivuno yetu yatatuua," alisema. "Njoo uone pikipiki."

"Leo sishiki spana," alisema Joash. "Lakini swali si kazi. Akiachia mafuta, injini inaendelea kupiga kelele?"

"Ndiyo."

"Na inakuwa moto sana?"

"Unaweza kuchoma mahindi juu yake."

Joash aliacha kutabasamu. "Mwambie asiipande hata hatua moja. Kesho asubuhi nitakuja."

Jumapili alfajiri Joash alifika na mfuko wa spana. Aliomba maji ya sabuni na unyoya wa kuku. Kemuma akamkimbiza jogoo, akarudi na unyoya. Jogoo alibaki akilalamika juu ya ua.

Joash aliwasha injini, ikaanza kunguruma. Akachovya unyoya, akapitisha maji ya sabuni juu ya mpira ule. Ghafla mngurumo ukashuka. Maji yalipokauka, ukapanda tena. Akarudia. Ukashuka tena.

"Mmesikia?" akauliza, akazima. "Maji yameziba ufa kwa muda. Ufa huu ndio mgonjwa wetu."

"Mpira mdogo hivi?" Nehemiah alishangaa.

"Sikia, Daktari. Kabureta inapima petroli na hewa, inachanganya, halafu mchanganyiko unapita katika shingo hii ya mpira kuingia injini. Shingo ikipasuka, hewa nyingine inaingia kwa wizi. Haikupimwa na mtu. Mama Bonareri, ukipuliza makaa sana yanafanyaje?"

"Yanawaka kwa ukali."

"Ndivyo injini inavyofanya. Inakimbia bila kuambiwa, tena inapata joto kupita kiasi. Mwisho wake ile pistoni, chuma kinachopanda na kushuka ndani, inatoboka. Tena hiyo ni kama mwenye pikipiki hajatangulia kutoboka yeye."

Akafungua plagi, akawaonyesha ncha yake. Ilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Plagi nzuri ina rangi ya chai ya maziwa. Hii inasema njaa ya petroli." Akagusa mpira kwa kidole, akanusa. "Na hii harufu ni ya nini? Mafuta ya kukamulia?"

Kemuma akatazama chini. "Chuchu zikipasuka huwa zinapona."

"Zinapona kwa sababu ni nyama, zina damu. Mpira haujiponyi. Mafuta yanaulegeza na kuficha nyufa. Huyu ng'ombe hatatoa maziwa, Mama Bonareri."

"Basi tufunge kipande cha tyubu ya baiskeli," alisema Nehemiah.

"Petroli itailainisha mpaka iwe uji. Kisha uko wapi? Kona ya pili. Dawa ni moja: mpira mpya."

"Lakini mmoja tu. Injini ina kabureta mbili, na ule mpira wa pili ni mzima," alisema Nehemiah.

Joash alifunga bomba la petroli, akangoja injini ipoe. Akafungua kabureta zote, akatoa mipira yote miwili. Ule "mzima" akaukunja kwa vidole. Chini yake, mahali ambapo jicho halifiki, nyufa tatu zikafungua midomo.

Nehemiah akaukunja mwenyewe, akazihesabu tena.

Joash aliweka mipira ya zamani mfukoni ili ailinganishe na mipya, akapanda gari kwenda Suneka. Kemuma alitazama barabara asubuhi yote. Je, kama hakuna ya kipimo hicho? Je, kama Nehemiah ataamua kufunga tyubu ya baiskeli ashuke nayo? Alichukua ufunguo wa pikipiki akaufunga kwenye ncha ya leso yake.

Saa tisa Joash alirudi na mipira miwili mipya.

"Sasa tazama, ujue siku nyingine," alimwambia Nehemiah. "Kitambaa safi mdomoni mwa injini. Ukiangusha skrubu humo ndani, utalia." Alikwangua karatasi ya zamani iliyogandamana, taratibu, asichimbe chuma. Akatoa kitambaa, akaweka gasketi mpya, ile karatasi ya kuzibia, kisha mpira. Alikaza bolti kidogo upande huu, kidogo upande ule, zikaenda sawasawa. "Ukikaza upande mmoja kwa nguvu zote, mpira unakaa mshazari na hewa inaingia tena."

Kabureta ilikataa kuingia. Nehemiah akanyoosha mkono kuchukua kopo la mafuta. Joash akamchapa mkono.

"Maji ya sabuni, Daktari! Yanateleza, kisha yanakauka. Sukuma mpaka ifike mwisho. Halafu kaza klipu ikamate, isikate mpira." Akachungulia. "Na skrubu hii nani aliigeuza?"

Nehemiah akatazama juu ya ua.

"Jogoo," alisema Nehemiah.

Joash alirekebisha skrubu, Kemuma akafungua leso akampa ufunguo, naye akawasha. Injini ikatulia, tuk, tuk, tuk. Akapitisha unyoya wenye maji ya sabuni kuzunguka mipira yote miwili. Sauti haikupanda wala kushuka.

"Hakuna wizi," alisema. "Ijaribu kwanza uwanja wa shule, mahali tambarare. Na kila msimu wa mvua ukianza, kunja mipira hii uitazame chini."

Jioni hiyo Nehemiah aliizungusha uwanjani bila shida, na Jumatatu asubuhi akafunga chupa yake. Alipogeuka, Kemuma alikuwa amekaa nyuma ya chupa, leso imefungwa kichwani, ufunguo mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Nashuka na wewe."

"Mama Bonareri, mteremko ni mbaya."

"Kwani mimi siujui? Washa."

Wakashuka. Kona ya kwanza walipita salama. Karibu na kona ya pili Nehemiah alisikia moyo wake kuliko injini. Mikono ya Kemuma ilizunguka chupa, ikashika koti lake pande zote mbili. Akaachia kishikio.

Injini ikashusha sauti. Ikaikamata pikipiki taratibu, kama mtu anavyovuta kamba ya ndama. Wakapita kona kwa mwendo wa kutembea. Tuk, tuk, tuk.

Kemuma akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Daktari," alimwambia sikioni, "ongeza moto kidogo. Ng'ombe wanangoja."

Walifika bondeni mapema. Ng'ombe wanne walikuwa wamefungwa, na wote wanne bado walikumbuka walichokuwa wanangoja. Nehemiah alivua koti ili anawe mikono. Lilikuwa na mikunjo kumi ya vidole, mitano kila upande.