Tembe Thelathini za Akko

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Sadiya alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alichota maji kikombe kimoja, akafungua bahasha ya kaki iliyowekwa nyuma ya redio, kisha akampa nyanya yake tembe moja nyeupe ya presha. Jioni alimpa nyingine. Nyanya huyo aliitwa Gumato, lakini mtaa mzima wa Chechelesi ulimwita Akko, kama Waborana wanavyowaita nyanya zao. Macho yake yalikuwa yamechoka kuona vitu vidogo kama tembe. Ajabu ni kwamba macho hayo hayo yaliona vizuri sana mtoto akimega chapati bila kunawa mikono.

Asubuhi hiyo bahasha ilikuwa tupu.

"Akko, dawa imeisha," Sadiya alisema.

"Imeisha, basi imeisha. Leta chai."

"Lakini ni wiki mbili tu tangu tununue! Ilikuwa dawa ya mwezi mzima."

"Wewe mtoto, wacha maneno mingi. Utachelewa shule."

Huo ulikuwa mwezi wa tatu mambo kwenda hivyo. Wiki mbili Akko alimeza dawa, akatembea hadi sokoni na kurudi akiwa na nguvu za kugombana na wauza mboga. Wiki mbili zilizofuata alishinda ameshika kichwa, miguu imevimba. Mwezi uliopita alianguka karibu na mfereji, na jerikeni ya maji ikamwagika yote. Guracha, babake Sadiya, alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Alitoa shilingi mia tatu za dawa mara moja kwa mwezi na hakuwa na nyingine. Sadiya aliogopa kwamba siku moja Akko angeanguka asiinuke tena.

Mtu mwenye hofu hutafuta wa kulaumu, na Sadiya alimpata upesi. Alikuwa Mutembei.

Mutembei alikuwa mhudumu wa dirisha la dawa katika kituo cha afya cha mtaa. Alikuwa mtu wa Meru, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alihesabu tembe mbili mbili juu ya kisahani cha plastiki, haraka sana, kimya kimya. Mbona asihesabu polepole? Mbona alifunga bahasha kwa pini kabla mtu hajachungulia ndani? Tena, kila alipomwambia Akko wahesabu pamoja, Akko alikataa.

"Kitu ya kuweka mtu hai haihesabiwi kwa mdomo," Akko alimjibu. "Hata mbuzi sisi hatuhesabu."

Hilo Sadiya alilijua. Zamani, Akko alipokuwa mfugaji, alilitazama kundi lake likiingia zizini, akajua kwa rangi na pembe ni mbuzi gani hayupo. Kuhesabu mifugo kwa sauti kulikuwa kukaribisha hasara. Basi Sadiya akawaza: mtu huyu amejua kwamba Akko hahesabu, ndiyo maana anamwibia yeye.

Kisha kulikuwa na jambo la kadi. Mzee Kirimi, mwenye duka la vyuma na babake Makena, rafiki yake Sadiya, pia alikuwa na presha. Mara ya mwisho waliponunua dawa, Sadiya alimwona kwa macho yake akitoa kadi ya kijani, akipokea bahasha yake na kwenda zake bila kulipa hata ndururu. Akko, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alilipa mia tatu.

Kesho yake baada ya bahasha kukutwa tupu, Sadiya alimkabili Makena shuleni, ambaye alikaa naye dawati moja tangu gredi ya kwanza.

"Baba yako halipi dawa kwa sababu yeye ni Mmeru, na Mutembei ni Mmeru."

Makena aliacha kutafuna njugu. "Nani amekuambia?"

"Nimeona kadi."

"Umeona kadi. Uliuliza ni ya nini?"

"Sina haja ya kuuliza."

Makena alichukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma. Sadiya aliona aibu, lakini aliimeza. Shaka ikishamwingia mtu, kila kitu huwa ushahidi. Mutembei akitabasamu, Sadiya alisema moyoni kuwa anaficha jambo. Asipotabasamu, alisema ni hatia inamsumbua. Maskini mtu huyo hakuwa na uso wa kumwokoa.

Baba alipotoa pesa za mwezi mpya, ilikuwa Jumatatu ya likizo fupi. Sadiya alimsindikiza Akko kituoni akiwa ameamua kumkabili Mutembei. Foleni ilikuwa ndefu. Walipofika dirishani, Mutembei aliwasalimu, "Salaam aleikum, mama," akahesabu tembe, akainua pini.

"Usifunge!" Sadiya alipaza sauti. "Hesabu tena! Unamwibia Akko kwa sababu unajua hahesabu!"

Watu wa foleni waligeuka kumtazama. Kisha minong'ono ikaanza.

"Mtoto hawezi kusema hivyo bure," alisema mzee mmoja.

"Kumbe ndiyo maana hata yangu huisha haraka," alidakia mama mwingine.

Akko alimvuta Sadiya kwa mkono. "Nyamaza! Nyamaza, twende!" Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa hofu. Sadiya aliuona, lakini hakujiuliza kwa nini.

Mutembei alivua miwani. Alifungua dirisha lote, akamwaga tembe kwenye kisahani na kukisukuma mbele. "Hesabu wewe, kwa sauti. Kila mtu asikie."

Sadiya alihesabu. Zilikuwa sitini kamili, mbili kwa siku kwa siku thelathini. Mutembei aliandika "60" kwenye bahasha kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari mara mbili.

"Miaka kumi na moja niko hapa," alisema. "Sijawahi kula tembe ya mgonjwa."

Kuanzia siku hiyo watu wakawa wanahesabu dawa zao mbele yake, moja moja, wakimtazama kwa pembe za macho.

Sadiya naye hakutulia. Ikiwa tembe sitini zilitoka dirishani, zilipotelea wapi? Aliokota vijiwe sitini, akavitia katika mkebe chini ya kitanda chake. Kila Akko alipomeza tembe moja, alitoa kijiwe kimoja. Jumanne, Jumatano, hesabu ilikuwa sawa. Alhamisi asubuhi vilibaki vijiwe hamsini na vinne, na tembe hamsini na nne.

Alhamisi hiyo, akirudi nyumbani kutoka shuleni kwa chakula cha mchana, alimwona Molu akitoka langoni. Molu alikuwa jirani yao, mwendesha bodaboda mwenye ndevu na watoto wawili. Kila Alhamisi alipeleka unga na sukari Kipsing, kijiji cha mbali. Alikuwa anafunga kitu kidogo ndani ya leso, na alipomwona Sadiya alikitia mfukoni upesi.

Sadiya alikimbilia bahasha. Tembe ishirini na nne! Thelathini zilikuwa zimetoweka. Alitoka mbio, akamkuta Molu akifunga mzigo kwenye pikipiki.

"Molu! Kumbe mwizi ni wewe! Leta dawa ya Akko!"

Molu aliangalia huku na huku, kisha akashusha pumzi. "Mimi nimetumwa tu, Sadiya. Nahesabu thelathini, napeleka. Rudi umuulize Akko." Akawasha pikipiki, akaenda.

Akko alikuwa ameketi kwenye kigoda, amesikia yote. "Keti," alisema. Sadiya akaketi.

"Baba yako alikuwa mdogo hivi," Akko alianza, akionyesha kimo kwa mkono. "Tulikuwa tunachunga Kipsing. Jua likakaa miaka mbili. Ng'ombe wakaisha, mbuzi wakaisha. Mtoto analia njaa, mimi sina kitu. Mama Lokol ni Mturkana. Alikuwa na mbuzi watatu wa maziwa, akanipa mmoja. Hakuniuliza kabila. Hakusema rudisha."

Alikunja pindo la shuka yake.

"Sasa Mama Lokol ana presha kama mimi. Alikuja hapa mara moja. Kulipa pikipiki, kulipa dawa, akarudi kwake bila pesa ya unga. Akaacha dawa. Wewe niambie, nitameza zote mimi peke yangu, yeye akufe?"

"Na kadi ya kijani, Akko? Ni ya Wameru tu?"

"Ni ya kila mtu, na hulipi. Lakini ukiwa nayo wanakupima kila mwezi. Wanakuuliza, umemeza zote? Nitasema nini? Siwezi kudanganya. Nikaona heri nilipe."

Sadiya alilia. Alilia kwa ajili ya Akko, kwa ajili ya Mama Lokol ambaye hakuwahi kumwona, na zaidi kwa sababu ya namba ile ambayo Mutembei aliipigia mstari mara mbili. Wahenga walisema umdhaniaye ndiye, siye. Yeye alikuwa amedhani mara mbili, na mara zote mbili alikosea.

"Akko, lazima twende tukaseme," alisema mwishowe. "Mimi nitaanza."

Kesho yake asubuhi, baba aliomba ruhusa kwa mwalimu, na Sadiya na Akko wakaenda kituoni. Foleni ilikuwa ndefu kama siku ile. Sadiya alisimama mbele ya dirisha, akageuka ili watu wote wamsikie.

"Daktari, nilisema unaiba dawa. Sikuwa najua, nilidhani tu, lakini nilisema kama mtu anayejua. Hukuiba. Naomba unisamehe."

Akko alisogea, akasema mbele ya wote tembe zilikokuwa zikienda. Mzee aliyenong'ona siku ile akatazama viatu vyake.

Mutembei aliweka kalamu chini. "Iliniuma sana, Sadiya," alisema. "Sitakuficha. Lakini umerudi kuyafuta maneno yako mahali pale pale ulipoyasema. Nimekusamehe."

Aliwaingiza ndani, akampima Akko. Presha ilikuwa juu sana, hata akapima mara ya pili.

"Mama, maziwa ukigawana na jirani, kila mtu anapata nguvu kidogo. Dawa hii si maziwa. Ukimeza wiki mbili na kuacha wiki mbili, presha inarudi, na unaweza kupooza au kufa. Mama Lokol pia hivyo hivyo. Tena alipaswa kupimwa kwanza. Mlitaka kuokoana, na wote wawili mko hatarini."

Akko aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua, maana hakuwa mtu wa kuinama muda mrefu.

"Nimesikia. Sasa na mimi nikuulize. Kirimi ako na duka, anakaa hapo karibu, halipi. Mama Lokol hana kitu, anakaa mbali, analipa. Hiyo ni haki?"

Mutembei alivua miwani na kuipangusa kwa koti.

"Kadi ni ya mtu yeyote anayekuja kupimwa kila mwezi," alisema. "Tuliona ni haki kwa sababu sheria ni moja kwa wote. Kusema kweli, mama, hatukumfikiria mtu asiyeweza kufika. Nitalipeleka kwa kamati ya kituo, na wewe utakuja useme mwenyewe."

Siku ya kikao cha kamati, Akko alisema hayo hayo. Wanakamati wengine walinung'unika kuwa dawa hazitatosha, na kikao kikavuta hadi adhuhuri. Mwishowe walikubaliana kwamba wagonjwa wa mbali watapimwa huko huko kwao na Emuron, mhudumu wa afya wa kijiji cha Kipsing, na dawa zao zitatumwa kila mwezi bila malipo, kila bahasha ikiwa na jina la mwenyewe. Kadi ya kwanza iliandikwa jina la Mama Lokol.

Sadiya alikuwa na deni jingine la maneno. Alimfuata Makena kwenye dawati la nyuma.

"Ile kadi ya kijani," alisema, "ni ya nini?"

Makena aliinua macho. "Swali hilo limechelewa mwezi mzima," alisema, kisha akamsogezea njugu. Sadiya akamwomba msamaha, na Makena akarudi dawati lao.

Siku Akko alipokwenda kuchukua dawa kwa kadi yake mwenyewe, Mutembei alimwita Sadiya karibu na dirisha.

"Hukukosea kuona kwamba kuna jambo haliko sawa," alimwambia. "Dawa ziliisha mapema, na wewe ndiye uliyeona. Ulikosea uliporuka swali ukaenda moja kwa moja kwenye hukumu. Ungeniuliza kuhusu kadi, ningekueleza siku hiyo hiyo, na huenda nyanya yako angeanza kupimwa mapema. Ukiwa na shaka, uliza kwanza. Ukipata ukweli, sema bila kuogopa, kama Akko alivyosema kwa kamati."

"Nimeelewa, Daktari."

Mutembei alimwaga tembe kwenye kisahani, akainua kijiti chake kuzihesabu. Akko akamshika mkono.

"Wacha," alisema. "Leo nitahesabu mimi."

Sadiya alimtazama kwa mshangao. Akko aliinama karibu na kisahani, macho yake yakiwa yamebanwa, akaanza kwa Kiborana, kwa sauti, tembe moja baada ya nyingine: "Tokko, lama, sadi, afur, shan..." Alikwenda polepole sana. Foleni nyuma yake ilifika hadi langoni, na hakuna aliyenung'unika.

"Sitini," alisema mwishowe, akijinyoosha. "Zote ni zangu, na zote nitameza mimi."

"Na za Mama Lokol?" Sadiya aliuliza.

"Zake zimeenda na Molu asubuhi," Akko alijibu. "Sitini pia. Nimezihesabu."