Sala ya Recheli

Dada yangu Consolatha alinisimulia haya jikoni kwangu, akichambua mchele, na hakuinua uso mpaka alipomaliza.

Alikuwa karani wa mapokezi kwenye kampuni moja ya kufungasha asali, hapa Tabora mjini. Kila Desemba wafanyakazi hufanyiwa sherehe ya Krismasi kwenye ukumbi wa kukodi, na kila mwaka tangazo ni lile lile ukutani: fika saa sita kamili, vaa nadhifu, usilewe, usiwatangulie wakubwa kwenye chakula. Moja halikuandikwa, ila wote walilijua. Mkubwa akitania, cheka.

Mwaka juzi meneja wao, Leodgar, alimwita Recheli aombee chakula. Recheli alifanya kazi stoo. Alikuwa Mmoraviani kutoka Sikonge, mpole, mwenye kigugumizi. Akatikisa kichwa kukataa. Meneja akamfuata alipokaa, akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya watu na kumpa maiki.

"Ba... ba... ba..."

Neno likagoma. Leodgar akachukua maiki ya pili, akamwigiza. "Ba-ba-ba-ba." Akampungia dijei, naye dijei akaweka ngoma. Watu wakacheka. Wengine wakainuka wakacheza. Dada naye, kwenye kiti chake cha pembeni, meza ya tatu karibu na dirisha, alicheka, hilo hakunificha. Recheli alisimama pale pale mpaka muziki ulipokwisha, kisha akaiweka maiki mezani taratibu, akatoka. Sala haikumalizwa. Watu wakala.

Januari hakurudi kazini. Februari ikaja habari kwamba amekutwa kisimani, nyuma ya shamba la tumbaku la mama yake. Leodgar hakwenda kuzika. Alisema barabara ni mbovu.

Mwaka jana sherehe ikafanyika ukumbi ule ule. Ilikuwa mchana kweupe, madirisha wazi, harufu ya pilau imetanda. Leodgar akasimama mbele ya meza kuu, suti ya bluu, anatabasamu.

"Ndugu wafanyakazi," alisema. "Kabla ya chakula, tu... tu... tu..."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani anamwigiza marehemu. Wapo waliocheka kwa aibu, macho chini, lakini walicheka. Dijei, mtu wa kuisoma hali, akaweka ngoma.

"Tu-tu-tu-tu..."

Wakacheza.

Dada alikuwa karibu. Aliyaona macho ya meneja. Hayakuwa yanacheka. Yalikuwa yamemtoka, yanabubujika machozi. Mkono mmoja umeshika koo. Mwingine ameunyoosha kwa watu, anaomba. Watu wakaupigia makofi.

Kisha yakaanza kumtoka maji mdomoni. Si mate. Maji. Yakalowesha tai, yakalowesha suti, yakatiririka sakafuni. Yalinuka udongo wa chini sana.

"Zima," dada alimnong'oneza dijei. "Zima, hatanii."

Dijei akachomoa waya. Ngoma ikakatika. Leodgar akaanguka kifudifudi, na maiki ikabiringika mpaka chini ya meza.

Na spika zile, hazina umeme, zikasema kwa sauti ya mwanamke:

"Baba yetu, tunakushukuru kwa chakula hiki, na kwa wote walioketi mezani. Amina."

Sauti laini. Haikukwama hata mara moja.

Hakuna aliyeitikia.

Leodgar hakufa. Madaktari walimpima koo, wakasema halina tatizo. Lakini tangu siku hiyo hajatamka neno likaisha. Akifungua kinywa hutoka "tu, tu, tu". Akilazimisha, hutoka maji.

Machi mwaka huu mkewe, Mektilda, alimwomba dada amsindikize Sikonge kwa mama yake Recheli, wakaombe msamaha. Walimkuta mama huyo uani, anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

Akawapa viti. Akamsikiliza Mektilda mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na kazi.

"Mimi sikumtuma," alisema. "Mwanangu amekwenda mwenyewe. Lakini kumwita arudi, simwiti."

"Mama, mume wangu anateseka."

"Nimesikia. Siku ile ya kwanza, mle ukumbini mlikuwa wangapi?"

Mektilda hakujua. Dada akajibu kwamba walikuwa arobaini na watatu.

"Na waliocheka?"

Mama akageuka, akamtazama dada.

"Wewe ulicheka, mwanangu?"

Dada angeweza kusema hapana. Nani angembishia?

"Nilicheka, mama. Nisamehe."

Mama alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeshika sura asije akaisahau.

"Ahsante kwa kusema kweli," akasema. Akakaza fundo. Kuhusu msamaha hakusema kitu, na wao hawakuthubutu kuuliza tena.

Dada alipomaliza kunisimulia alisema moyo wake umetua, kwa kuwa amekiri. Nikamwacha aamini hivyo.

Wiki iliyopita nilikwenda ukumbini mwenyewe. Msimamizi wake, Sabiri, ni mtu tunayefahamiana naye. Alinipeleka mpaka pale alipoangukia Leodgar. Sakafuni pana nyayo mbili za maji, miguu mitupu ya mwanamke, zimesimama sambamba. Sabiri amevunja saruji mara mbili na kumwaga nyingine. Zinarudi. Huu ni Agosti. Tabora haijaona tone la mvua tangu mwanzoni mwa Mei, na vumbi limejaa hadi kwenye mapazia. Niligusa kwa kidole. Baridi.

"Miezi yote hii zilikuwa zinatazama meza kuu," Sabiri alisema kwa sauti ya chini. "Tangu Jumatatu zimegeuka."

Nikafuata vidole vinakoelekea. Vinaelekea dirishani, meza ya tatu, kiti cha pembeni.

Ndipo alipokuwa amekaa dada.

Sijamwambia.