Mwenye Panga Aliitwa Nicholaus

Nilitumwa petroli ya jenereta, basi. Jua linazama, chupa mbili mkononi, kutoka banda la video la Pankras hadi dukani pale Matiri na kurudi kabla watu hawajaanza kupiga miluzi. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Walanguzi wa kahawa walikuwa wamejaa vijijini, na kila mwenye deki ya video alijiona mfalme. Mimi nilikuwa mkalimani wa Pankras. Wachina wanapigana kwenye televisheni, mimi na kipaza sauti nawasemesha Kiswahili. Kichina sijui hata salamu. Nani aliniuliza?

Watu walinipendea majina. Steringi, shujaa wa picha, nilimpa jina la mtu aliyekaa humo humo bandani, na kicheko kikapasua mabati. Ila adui humpi jina la mtu, mtagombana kesho kilabuni. Adui nilimpa jina langu mwenyewe: Nicholaus.

Njiani nikamkuta mama mmoja nisiyemjua amekaa juu ya jiwe. Alinuka usipa wabichi, dagaa wa ziwani. Khanga yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni, na mvua hatujaiona wiki mbili. Kutoka kwetu hadi ziwani ni mwendo wa siku nzima.

"Ndiye wewe unayewapa watu majina?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Akanipa kanda isiyo na jalada.

"Picha nzuri hii," akanong'ona. "Haitazamwi kwa sababu waliomo hawana majina. Wape."

Tuliiweka jioni ile ile. Na nitasema kweli, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kutafsiri. Haina karate, haina muziki. Ni mteremko tu wenye mashimo ya ngolo, yaliyozungukwa na matuta yaliyofukiwa majani, kama mashamba yetu. Mzee analima. Mtu mwenye panga anapanda taratibu, ametugeuzia mgongo. Nilijikuta nimesahau kupumua.

Wenzangu wakazomea. "Toa! Weka ya kupigana!"

Roho iliniuma. Picha kama ile kuzomewa! "Inastahili watu wengi," nikamwambia Pankras. Nikashika kipaza sauti.

"Tazameni, mzee Kilian yuko shambani!"

Kilian mwenyewe, mkulima wa kahawa, alikuwa benchi la mbele. Akapiga makofi kama mtoto.

"Na huyu anayempandia ni adui yenu, Nicholaus!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Panga likashuka. Shingo... bega... shingo. Nyama ilisikika ikikatika. Damu ikajaa shimo la ngolo mpaka ukingoni. Kicheko kikafa, akabaki Kilian peke yake anacheka.

Asubuhi walimkuta shambani kwake, ndani ya ngolo.

Shingo. Bega. Shingo.

Watu wakasema ni walanguzi. Nami nikasema ni walanguzi, kwa sauti kubwa kuliko wote. Sikuwaambia kwamba nimeamka na tope hadi magotini. Wala kwamba panga langu, chini ya kitanda, lilikuwa bado linanata.

Sasa ile picha kila mtu akaitaka. Walikuja hadi kutoka Mbuji na Tingi. Nikamwambia Pankras sitaki.

"Si wewe uliyesema inastahili watu wengi?" akanijibu. "Haya, hao hapo."

Nikaapa sitataja jina la mtu. Banda likajaa pomoni, nikakaa kando ya televisheni nimefunga mdomo. Mzee hakuwepo tena kwenye picha. Lilibaki shimo. Kisha akatokea mwanamke amebeba kuni, kilemba cheupe kichwani. Mara ya kwanza hakuwepo.

"Ida huyo!" mtu akapayuka.

"Ida! Ida!" banda zima likaitikia.

Ida ni dada yangu. Alikuwa pale mlangoni na beseni lake la maandazi, kilemba cheupe kichwani, anacheka na wenzake.

Mwenye panga akaanza kupanda.

"Nicholaus! Nicholaus!" wakaimba.

Nikawakanyaga watu, nikatoka nje, nikazima jenereta. Kimya...

Nikarudi ndani. Picha inaendelea.

Mwenye panga alikuwa hatua tatu nyuma yake. Nililia mbele za watu, sioni haya kusema. Halafu nikaikumbuka kazi yangu. Ni lini nilitafsiri ukweli? Nilisema uongo miaka mitatu na watu waliuona kwa macho yao. Nikakinyanyua kipaza sauti, nacho hakina umeme.

"Nicholaus amesimama."

Sauti yangu ikajaa banda.

Mwenye panga akasimama.

"Nicholaus hamtaki Ida," nikasema. "Anautaka... mkono wake mwenyewe."

Akapiga magoti. Akahamishia panga kushoto, akaulaza mkono wa kulia juu ya jiwe. Watu walipiga mayowe kabla halijashuka.

Alfajiri Ida alifungua mlango wake akanikuta kizingitini, panga kushoto, tope hadi magotini. Mkono wangu ulikuwa umelala peke yake juu ya jiwe lake la kusagia. Damu ilikuwa imetiririka hadi jikoni. Anasema nilikuwa natabasamu.

Nilisema nimejikata nikichanja kuni. Ida hakunibishia mbele za watu. Kanda ilitoweka. Pankras anasema mama mmoja anayenuka samaki aliifuata, akashukuru sana. Tangu hapo nasikia imeonyeshwa Songea, imeonyeshwa Njombe, na watu wanaisifu. Mkalimani wa kule hanijui. Lakini jambazi anamwita Nicholaus.

Ndiyo maana kila jioni Ida huja kunifungia mlango kwa nje. Nilimwomba mwenyewe. Ufunguo hulala kwake, na asubuhi huja na uji, hugonga mara mbili, hufungua. Miaka yote hii hajawahi kuchelewa.

Leo nimeamka, nimeutikisa mlango, kufuli la nje liko vilevile. Miguu yangu ina tope jeusi, lenye majani yaliyooza. Labda amepitia misa ya kwanza. Naandika haya kwa mkono wa kushoto, jua limefika dirishani, na Ida hajaja.