Mlango Uliokataa Praima

Praima ya akriliki, ile rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine, haipendi jua la mji wetu wa Wote. Ukiipuliza mchana, hewa yetu kavu inaikausha kwenye ncha ya sindano ya kupulizia kabla haijafika kwenye kazi. Bunduki ya rangi, ile ndogo inayoshikwa kama kalamu, inaziba, na wewe unabaki kuitukana kompresa isiyo na makosa. Kwa hiyo mimi hungoja jua literemke. Saa kumi na mbili jioni, hewa ikianza kupoa, ndipo ninapofungua dirisha la karakana na kuanza kazi.

Ninatengeneza magari madogo. Mabasi, malori, matrekta, ya kukaa juu ya meza. Majirani huniambia, "Muindi, wewe mzima na ndevu zako bado unacheza na toi." Huwa nawajibu kwamba toi langu moja hawana uwezo wa kulinunulia hata gurudumu.

Kitu kingine ambacho praima haipendi ni maji yetu. Maji ya kisima hapa yana chumvi. Ukiichanganya nayo inaganda vipande vipande kama maziwa yaliyolala, na sindano haipitishi kitu. Ndiyo maana nilikuwa na mtungi wa plastiki wa maji ya mvua chini ya meza, na nilikuwa nimemkataza kila mtu kuugusa.

Mke wangu Kasiva aliugusa. Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana na mvua haikuwa imefika. Maharagwe hayaivi kwa maji ya chumvi, unachemsha tangu asubuhi na jioni bado ni changarawe. Akachoka, akapika isyo, mahindi na maharagwe, kwa maji yangu. Nilirudi nikakuta mtungi mtupu na chakula kitamu mezani. Sikula. Nilimwambia aende kwao Zombe akapike huko, na asirudi.

Akaenda. Wiki mbili baadaye dada yake, Wavinya, akanipigia simu. Kasiva alikuwa ametoka kwake jana asubuhi kupanda gari la kurudi Wote. Je, amefika salama?

Hakufika.

Polisi waliandika kwenye kitabu. Watu wa soko hawakuandika popote, walisema tu kwamba ameenda Mombasa na mwanamume mwingine. Miezi kumi na moja nikalala na swali hilo moja: aliniacha, au alikuwa anakuja? Kuna usiku nilitamani kweli awe na huyo mwanamume, mahali fulani, ananicheka. Angalau angekuwa hai.

Mwaka huu, mwezi wa Septemba, akaja Anab.

Alisimama mlangoni jioni, mama wa Kisomali aliyejitanda shela nyeusi, mfuko wa karatasi mkononi. Alisema ana duka la nguo Zombe. Bwanake, Hared, alikuwa akisafirisha mbuzi kwa lori. Novemba iliyopita mto ulimbeba akivuka drifti, ile barabara ya saruji inayopita ndani ya mto. Alitaka nimtengenezee lori hilo, dogo, rangi ya bluu, kama lilivyokuwa.

"Pole sana, mama," nilisema. Hata sikufikiria zaidi. Wavinya alikuwa amemsindikiza dada yake hadi kwenye gari la abiria, na lori la mbuzi ni jambo jingine.

Alinipa picha tatu. Kisha akatoa kwenye mfuko kipande cha plastiki ya manjano, kikubwa kama kiganja, kimekwaruzwa na mchanga.

"Hii ilitoka kwa kebini yake," alisema. "Uiweke ndani ya hiyo gari. Popote tu."

"Ya nini, mama?"

Aliangalia chini ya meza yangu, mahali ulipokuwa ule mtungi mtupu. Aliangalia muda mrefu.

"Uweke tu, fundi."

Nilikata kile kipande nikakitumia kwa mlango wa kushoto, upande wa abiria. Baada ya wiki tatu lori lilikuwa tayari kwa praima.

Jioni hiyo nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Maji niliyonunua dukani, yale ya chupa. Praima nikaizimua hadi ikateleza kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa mabichi. Nikaichuja kwa soksi ya nailoni. Nikapunguza nguvu ya hewa, nikaifuta ncha ya sindano kwa brashi yenye unyevu. Nikapuliza kwenye kadibodi kwanza.

Fsssss... Safi kabisa.

Nilianza na bodi, ikapokea. Boneti ikapokea. Mlango wa dereva ukapokea, kijivu laini. Nikaligeuza lori. Nikaelekeza bunduki kwenye mlango wa abiria.

Ikaziba.

Nilivuta sindano, nikasafisha, nikarudisha. Kwenye kadibodi ilipuliza vizuri. Kwenye mlango, ikaziba. Nikafungua bunduki yote, nikamimina kilichomo kwenye kitambaa cheupe. Hakikuwa kidonge cha rangi iliyokauka. Kilikuwa mchanga... mchanga wa mtoni, mwekundu, unaometameta. Nilikuwa nimechuja kwa soksi, jamani! Punje kubwa hivyo zilipitia wapi?

Nilijaribu mara ya tatu. Kwa sekunde mbili rangi ikatoka, ikaugusa mlango. Halafu ikatiririka chini yote, ikaacha manjano matupu. Najua plastiki ya namna ile hukataa rangi, hilo nalijua. Lakini harufu iliyofuata siijui kwenye kazi yangu. Karakana yote ilinuka mbuzi waliolowa. Na mvua. Ardhi iliyonyeshewa, huku nje vumbi likipeperuka.

Nilizima kompresa ili nisikie vizuri.

Kimya...

Ko. Ko. Ko.

Mtu alikuwa anagonga kutoka ndani ya ule mlango mdogo.

Kisha sauti, ndogo sana, ya mtu aliyejaa maji kooni. Ilisema jina langu. Haikusema fundi wala Muindi. Ilisema jina lile ambalo mtu mmoja tu duniani huniita, tukiwa wawili na taa imezimwa, na ambalo sitaliandika hapa.

Sikukimbia. Nilianza kulia kabla sijajua nalilia nini.

"Umemsikia pia?"

Anab alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kuangalia lori lake limefika wapi. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, na hakuushangaa uso wangu.

"Huyo ni nani, mama?" nikanong'ona.

Aliketi kwenye kigoda. Alizungumza akiangalia mikono yake.

"Hiyo siku mvua ilikuwa kubwa huko juu. Magari ya abiria yote yalikataa kuvuka. Yakashusha watu. Hared akanipigia jioni, akasema amembeba mama mmoja wa huko Wote, anamwonea huruma. Hared alikuwa hivyo, hataki nisikie kwa watu wengine. Akampa huyo mama simu anisalimie."

"Alisema nini?"

"Nilisikia plastiki inagonga gonga. Nikamuuliza, mama, umebeba nini? Akasema mtungi, maji ya mvua kutoka Zombe. Nikamwambia, kwani Wote hakuna maji? Akacheka. Akasema, bwana yangu hutengeneza magari madogo, maji ya chumvi inaziba mashine yake. Nampelekea hii, labda atanisamehe."

Nilishika ukingo wa meza.

"Walimpata Hared peke yake, na hicho kipande cha mtungi," Anab aliendelea. "Wakaniuliza kama alikuwa na mtu. Nikasema hapana. Ningesema nini? Ndugu zake wangeuliza mwanamke wa watu alikuwa anafanya nini kwa kebini ya mume wangu. Nilikuwa nalinda jina la Hared. Hakuna aliyemtafuta bibi yako, fundi. Ni kwa sababu yangu. Tangu hiyo siku kila mvua nasikia mtungi unagonga kwa mlango wangu. Nilikuja hapa kukwambia. Mdomo ukakataa, nikasema natafuta gari."

Ningeweza kumpiga. Nasema ukweli, mkono uliinuka. Lakini ni nani aliyemfukuza Kasiva kwa sababu ya lita ishirini za maji? Anab alinyamaza baada ya mto. Mimi nilisema kabla ya mto. Mkono ukashuka wenyewe.

"Nionyeshe huo mto," nilimwambia.

Tulifika kesho yake, saa kumi na moja jioni. Mto wenyewe haukuwa na hata tone. Mchanga tu, mwekundu, mpana, unaometameta hadi pale macho yanapochoka. Ungeanza wapi kuchimba? Anab alibaki juu ya drifti na shela yake usoni. Mimi niliteremka.

Mama mmoja alikuwa amechimba shimo mchangani, anachota maji kwa kata kidogo kidogo. Alijiita Mbula. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta mke wangu, alipotea hapa wakati wa mafuriko ya Novemba.

Kata yake ilisimama hewani.

"Ni mrefu? Ana mwanya hapa mbele?"

"Ndiyo."

"Aiya..." Aliangalia jua liko wapi, kisha akaanza kukusanya vyombo vyake haraka. "Baba, sisi hatukai hapa jioni. Jua likiingia yeye hutoka pale chini, nguo imeshikana na mwili. Hana ubaya na mtu. Huuliza swali moja tu, anauliza kila mtu, hata watoto, nasi tunamkimbia."

"Anauliza nini?"

Mbula alijitwika ndoo. Hakutaka kuniangalia.

"Anauliza kama bwana yake bado amekasirika. Sasa sisi tumjibu nini, na hatumjui?"

Akapanda ukingo, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Anab aliniita kutoka juu mara mbili, akisema kunaingia giza, tuondoke. Nikamwambia atangulie. Nilivua viatu, nikaketi mchangani, nikaanza kupanga maneno ya kumjibu.