Udongo Mbichi Darini

Ukitaka kucheka, cheka, lakini rafiki yangu mpuliza dawa ya wadudu, mtu asiyeogopa siafu wala nge, hapandi tena dari ya mtu.

Ilikuwa mchana kweupe. Mama mmoja alimwita, nyigu wamejaa darini kwake.

"Panda tu, mwanangu," mama akamwambia, ameshika ngazi. "Mimi sibanduki hapa."

Rafiki yangu akavaa glavu, akasukuma mfuniko wa dari, akapenya na bomba lake la dawa. Huko juu hakukuwa na nafasi hata ya kugeuka. Alitambaa kwa tumbo, bati likimchoma kisogo, mpaka kwenye viota vya udongo. Ndipo akasikia mfuniko ukirudi mahali pake, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. Giza totoro. Tochi nayo ikagoma.

"Mama, fungua! Utani gani huu?"

"Sijagusa kitu, mwanangu!"

Nyigu waliokuwa wakivuma wakanyamaza wote kwa pamoja. Ikabaki sauti moja tu, kule mfunikoni: pwa, pwa, pwa, kama mtu anayekandika ukuta. Rafiki yangu akabana pumzi, jasho likimwingia machoni.

Sauti ilipokoma, mama alisukuma kwa mpini wa ufagio, wapi! Ikabidi jirani aje na nyundo.

Vipande vilipoanguka, upande wa juu wa mfuniko ulikuwa umekandikwa udongo mbichi, chepechepe, umejaa alama za viganja vitupu, mpaka kucha zinaonekana.

Rafiki yangu alikuwa bado amevaa glavu, nazo zilikuwa kavu.