Uso Ambao Hakuuona

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia mbele ya duka la ushonaji la shangazi yake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku moja, alipofika na ufagio, alimwona mtu akitokomea kichochoroni na cherehani ya dukani begani. Akamwita shangazi.

"Ni yule fundi viatu jirani tu!" shangazi alifoka. "Si juzi tumegombana?"

Majirani wakadakia. Kufikia jioni, Kasuku naye alikuwa akisimulia jinsi fundi viatu alivyokimbia. Polisi walipomuuliza, alijibu hivyo hivyo. Fundi viatu akawekwa rumande.

Wiki mbili baadaye, kabla ya kesi kusikilizwa, Kasuku alipelekwa kwa mwanasaikolojia wa mahakama, mama mpole aliyewasaidia watoto kutoa ushahidi.

"Usibadilishe hata neno," shangazi alimnong'oneza mlangoni. "Usije ukaniaibisha."

Ndani mlikuwa na viti viwili vifupi tu.

"Mbwa wangu anaitwa nani?" mama yule aliuliza.

"Simba!"

"Mwanangu, mimi sina mbwa."

Wakacheka wote wawili.

"Mbona ulijibu?"

"Mkubwa akiuliza, si lazima ujibu?"

"Hapa, 'sijui' ni jibu kamili. Mimi sikuwepo siku ile. Nieleze ulichokiona kwa macho yako, si ulichosikia."

Kasuku alifumba macho. Aliona koti la kijani, cherehani, mgongo. Alisubiri uso ugeuke. Haukugeuka. Fundi viatu alikuwa rumande wiki mbili kwa maneno yake.

"Uso sikuuona," alisema. "Shangazi alipomtaja fundi viatu, ndipo nikaanza kumwona kichwani. Nilisema uongo?"

"Hapana. Akili ikikuta pengo hulijaza, hata ya mtu mzima. Uongo ungeanza leo, kama ungejua hivyo ukanyamaza."

Maelezo hayo yalifika kwa hakimu. Fundi viatu aliachiwa. Polisi walianza uchunguzi upya, na cherehani ikakutwa kwa mwizi mwenyewe, muuza vyuma chakavu, mtu mwingine kabisa.

Shangazi alikwenda mwenyewe kwa fundi viatu, Kasuku akiwa ubavuni.

"Nisamehe, kaka. Hasira yangu ilimwona mwizi kabla ya macho."

"Yamekwisha, dada. Mshukuru mtoto."

Shangazi alimshika Kasuku bega. "Mwanangu, ulichokiona kiseme, hata kama kinaniaibisha mimi. Usichokiona, sema hujui, na uishie hapo hapo."