Chewa na Maboya ya Bi Mgeni

Chewa alipanua kinywa kipana kama mlango wa gereji, na uchafu wote uliokuwa ukielea mbele yake ukaingia: chupa, mifuko, ndoo zisizo mikono, hata kiti kimoja cha plastiki ambacho Mungu ndiye ajuaye kilitoka harusi gani. Tumboni, vimeng'enya vilivyokuzwa maabara vikaanza kazi. Muda si muda Chewa akatema matofali mepesi, tayari kwa kujengea.

"Hashibi huyu!" mtu akapiga kelele, umati ukaangua kicheko.

Kazija Vuai, mhandisi aliyemuunda, alijikaza asicheke, akashindwa. Alizaliwa papa hapa, pwani ya mashariki ya Unguja, na sasa, mwaka 2071, alikuwa amerudi nyumbani na roboti-samaki mwenye akili mnemba. Kanuni aliyompa ilikuwa fupi: kila plastiki ni taka, na kila taka ni chakula. Chewa alikuwa mtiifu kupita kiasi. Alipomaliza uchafu wa ghuba, alinusanusa kwa vihisi vyake, kisha akaelekea kwenye mashamba ya mwani.

Vicheko vikakatika.

Tangu maji ya ufukweni yazidi joto, akina mama wa kijiji walikuwa wamehamishia mwani wao kwenye kina kirefu, ukining'inia kwenye kamba zilizoshikiliwa na maboya. Na maboya yenyewe yalikuwa nini, kama si chupa tupu za plastiki? Kazija alilijua hilo tangu utotoni. Tatizo ni kwamba machoni mwake chupa zile hazikuwa plastiki hata siku moja. Zilikuwa mali ya shangazi yake.

"Kazija!" Shangazi Mgeni, kiongozi wa wakulima, alikwishaingia majini mpaka kiunoni na buibui lake mwilini. "Mzuie samaki wako! Mwani wangu unazama!"

Kazija akabonyeza kidhibiti. Chewa akatulia, boya limemning'inia mdomoni. Lakini safu nzima za mwani zilikwishakwenda chini pamoja na jasho la msimu mzima. Kazija aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

"Nisamehe, shangazi."

"Nshakusamehe, mwanangu. Lakini samaki asiyejua kipi changu na kipi cha kutupwa, hapa hatalala. Mfunze leo hii, au mrudishe ulikomtoa."

Amfunze vipi? Plastiki ni ileile. Kazija alikaa mchangani akiwatazama akina mama wakileta ufukweni walichookoa na kufunga maboya upya karibu naye, vidole vikienda mbio. Hapo ndipo alipoona: kila boya lilikuwa na fundo. Nani hujisumbua kufunga fundo kwenye taka? Akaifungua akili ya Chewa kwenye skrini, akaongeza kanuni mpya: chenye fundo kina mwenyewe, usikiguse, msubiri.

Alasiri Chewa aliachiwa tena. Akalifikia boya la Bi Mgeni, akachomoza mkonga mwembamba wa chuma akalipapasa fundo lake, akasubiri mpaka mwenyewe alipompungia mkono, kisha akapita pembeni kwa adabu. Bi Mgeni alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Mbele kidogo, karibu na mwamba, Chewa akasimama na kuwasha taa nyekundu. Alikuwa amekuta wavu mkubwa wa nailoni uliotupwa na meli ya uvuvi, umefunika nusu ya matumbawe. Mafundo yake hayahesabiki.

"Wavu huu una mwenyewe," kipaza sauti cha Chewa kikatangaza kwa upole. "Namsubiri."

Ufukwe mzima ukavunjika mbavu. Kazija naye, huku akicheka, akainua kidhibiti amruhusu Chewa aumeze. Shangazi yake akamshika mkono.

"Mwache kwanza. Kasema kweli." Bi Mgeni alikuwa akitazama kule mbali zinakopita meli. "Siku zote twazoa tu, twazoa, wala hatujapata kuuliza ni taka za nani. Sauti yake haiwezi kupanda zaidi ya hapo, ifike kule?"

Kazija akaipandisha mpaka mwisho.